Maswali ya Wasomaji: Valvu ya Usalama Ikilia, Usiikaze

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe kumwaga presha ikizidi, iwe juu ya boila, kwenye tangi la kompresa au kwenye hita ya bafuni. Barua tumezifupisha. Presha tumeitaja kwa bar, kama inavyosomeka kwenye geji, isipokuwa tukisema vingine.

Mimi ni mwangalizi wa boila katika kiwanda cha chai, Mufindi. Boila letu ni la kuni na kibati chake kinasema bar 10. Valvu moja ya usalama huanza kuzomea geji ikifika 9.5, na msimu wa majani mengi vikaushio vinataka mvuke kweli. Msimamizi wa zamu ameniambia niikaze nusu mzunguko. Nikaze?

Usikaze, ndugu yetu. Na mwonyeshe msimamizi jibu hili lote, maana yeye naye anabanwa na uzalishaji na anastahili kuelezwa kwa nini.

Ndani ya valvu kuna diski iliyokalia kiti, na springi inayoikandamiza kutoka juu. Kiti chenye kipenyo cha milimita 30 kina eneo la takriban milimita za mraba 707. Kwa bar 10, mvuke unaisukuma diski hiyo kwa nguvu ya nyutoni 707 hivi, karibu sawa na uzito wa kilo 72. Springi imerekebishwa ikabiliane na nguvu hiyo tu. Diski ikinyanyuka kidogo, mvuke unapata uso mpana zaidi wa kusukuma, ndiyo maana valvu nzuri ya mvuke haifunguki taratibu: inaruka kwa kishindo, inamwaga, kisha inajifunga presha ikishuka asilimia chache chini ya ile ya kufungukia. Ukiikaza nusu mzunguko, huna namna ya kujua kama sasa itafunguka kwa 10.5 au kwa 12. Namna ya kujua ni kuipima kwenye benchi la majaribio, au kuliacha boila lenyewe lipande mpaka ifunguke, na hilo la pili ndilo hasa valvu iliwekwa lisitokee.

Kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ambazo watengenezaji wengi wa maboila huzifuata, haziachi nafasi kubwa ya kuchezea hapa. Walau valvu moja lazima ifunguke kwa presha ya kibati, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa boila, au chini yake. Ikiwa zipo zaidi ya moja, ya juu kabisa isizidi kibati kwa zaidi ya asilimia 3. Na valvu zote zikiwa wazi, moto ukiwa kwenye nguvu yake yote, presha isipande zaidi ya asilimia 6 juu ya kibati. Kwa boila lenu, hiyo ni 10.6.

Sasa tuitafute sababu ya kuzomea. Anza na geji. Ikiwa inasoma nusu bar pungufu, basi presha halisi ni 10 na valvu iko sawa kabisa; kinachodanganya ni geji. Omba ilinganishwe na geji ya majaribio, na hakikisha bomba lake la kujikunja lina maji ndani, kwa sababu mvuke ukiingia moja kwa moja kwenye geji huiharibu.

Geji ikiwa sahihi, angalia mnafanya kazi kwa presha gani. Valvu iliyowekwa ifunguke kwa bar 10 inataka boila liendeshwe kwa 9 au chini yake. Moto wa kuni hauna utulivu kama wa dizeli, presha inapanda na kushuka kila unapotupia magogo, na ukiendesha kwa 9.5 diski inakaa ikicheza juu ya kiti saa zote. Mvuke unaopita kwenye upenyo mwembamba kama unywele una kasi kubwa, nao huchimba chuma. Siku chache za kuzomea zinatosha kuchora mfereji kwenye kiti, na kuanzia hapo valvu itavuja hata kwa 8.

Huenda pia ni uchafu tu. Vaa glavu na miwani, simama mbali na mdomo wa bomba la kutolea, hakikisha presha imefika walau asilimia 75 ya ile ya kufungukia (kwako ni 7.5), kisha inua wenzo wa valvu mpaka mwisho, hesabu sekunde chache, uachie kwa mara moja. Usiushushe polepole, diski inatakiwa ipige kiti kwa nguvu ya springi. Usiinue wenzo presha ikiwa ndogo, kwa sababu mvuke dhaifu hausukumi takataka nje, unaziacha katikati ya diski na kiti. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, boila likizimwa valvu ivuliwe ipelekwe karakana, kiti na diski visagwe, ipimwe kwenye benchi, ifungwe lakiri ya risasi na kupewa cheti. Lakiri ikikatwa na mtu asiye na idhini, cheti hakina maana tena. Kwa Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ana haki ya kuliuliza.

Jambo la mwisho, na kwa boila la kuni ndilo kubwa kuliko yote: umeme ukikatika. Feni inasimama, pampu ya maji inasimama, vikaushio vinaacha kuchukua mvuke, lakini magogo yaliyomo tanuruni yanaendelea kuwaka. Boila la dizeli lingezimika lenyewe. Lako halizimiki. Dakika hizo, njia pekee ya mvuke kutoka ni valvu ile uliyoombwa kuikaza.

Kuhusu vikaushio, nusu bar mnayoipigania haileti kitu. Mvuke wa bar 9.5 una joto la nyuzi 182, wa bar 10 una nyuzi 184. Tofauti ni nyuzi 2. Tafuteni mvuke ulikopotelea: kuni mbichi, masizi ndani ya mirija, mitego ya mvuke (vifaa vinavyotoa maji ya mvuke uliopoa bila kuachia mvuke) iliyokwama wazi, mabomba yaliyovuliwa vifuniko vya kuhifadhi joto.

Nina boila la kilo 3,000 za mvuke kwa saa, bar 10. Valvu zake mbili zilichakaa. Duka limenipa nyingine mbili zenye uzi uleule na zimewekwa bar 10. Zimeingia vizuri. Kuna tatizo? (Fundi, Thika)

Huenda lipo, na uzi hauwezi kukuambia. Kinachoamua ni kipenyo cha koo, sehemu nyembamba kabisa ambamo mvuke unapita, na mara nyingi ni kidogo kuliko kipenyo cha uzi. Kadirio la mvuke uliokolea bila joto la ziada ni hili: zidisha 0.525 kwa eneo la koo kwa milimita za mraba, kwa kipimo cha utokaji cha valvu (sehemu ya utokaji wa kinadharia ambayo valvu inaipitisha kweli), kwa presha kamili, yaani presha ya geji pamoja na ya hewa. Jibu ni kilo kwa saa.

Tuchukue kipimo cha utokaji 0.7. Valvu inafunguka kabisa ikipita presha yake kwa asilimia 3, basi presha kamili ni 10.3 kuongeza 1, sawa na 11.3. Koo la milimita 25 lina eneo la 491, na linapitisha takriban kilo 2,040 kwa saa. Mbili zinapitisha 4,080, umevuka 3,000 kwa raha. Koo la milimita 20 lina eneo la 314 na linapitisha takriban 1,300. Mbili zinakupa 2,600, na hapo una pungufu ya kilo 400 kila saa: valvu zote zimefunguka, zinapiga kelele, na presha bado inapanda.

Milimita 5 tu, na macho hayazioni ukiwa umeshika valvu mkononi. Soma kibati chake. Uwezo wa kilo kwa saa uliothibitishwa na mtengenezaji unashinda hesabu yetu hii, ambayo ni ya kukagua tu kama umedanganywa. Kibati kikiwa hakina uwezo, rudisha dukani.

Autoklevu ya hospitali yetu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inamwaga mvuke chumbani valvu ikifunguka. Tumefikiria kuweka koki chini ya valvu ili tuibadilishe bila kuzima, na bomba la nusu inchi la kupeleka mvuke nje. (Fundi wa vifaa tiba, Bukoba)

Bomba, ndiyo, lakini si la nusu inchi kama mdomo wa valvu ni mkubwa kuliko hapo. Koki, hapana.

Koki iliyo chini ya valvu ya usalama siku moja itafungwa na kusahaulika. Autoklevu ya nyuzi 121 inafanya kazi kwenye bar 1.1 hivi, ya nyuzi 134 kwenye bar 2 na ushee. Ni presha ndogo, lakini mlango wake ni mpana, na presha hiyo ikizidishwa kwa eneo la mlango mzima inakuwa tani. Zimeni mashine, subirini geji ifike sifuri, badilisheni valvu. Pale ambapo haiwezekani kabisa kuzima, mathalani matangi makubwa ya gesi ya kupikia, hutumika kifaa maalumu chenye valvu mbili ambacho kikifunga moja lazima kifungue nyingine. Hiyo si koki ya kawaida.

Bomba la kutolea liwe na kipenyo kisichopungua cha mdomo wa valvu, kona ziwe chache, liishie nje mahali pasipopita mtu. Lishikiliwe na ukuta, lisininginie kwenye valvu, kwa sababu uzito ukiivuta pembeni diski haikai sawa kwenye kiti. Likielekea juu, toboeni tundu la kuchuruzisha maji sehemu ya chini kabisa. Bila tundu, maji ya mvua na ya mvuke uliopoa yanajaa juu ya diski, yanaleta kutu, na siku ya kufunguka yanarushwa yakiwa ya moto.

Kompresa yangu ya gereji, tangi la lita 100, valvu yake ndogo ya pete inavuja. Fundi wa kuchomelea anataka kuziba tundu kwa kizibo, anasema swichi ya presha inatosha. (Gongo la Mboto)

Swichi ndiyo huharibika. Pointi zake zinaungana kwa cheche, mota haizimi, na presha inapanda mpaka kitu kishindwe. Mota ikiwa na nguvu, kitakachoshindwa ni tangi. Hewa ya lita 100 iliyoshindiliwa kwa bar 10 ina nishati ya takriban kilojuli 136 inayoweza kutoka kwa mpigo mmoja. Inatosha kurusha gari la kilo 1,000 karibu mita 14 juu.

Valvu hiyo ni ya bei ndogo, nunua mpya. Angalia mambo mawili. Presha yake isizidi iliyopigwa chapa kwenye tangi. Kama swichi inazima kwa 8, valvu ya 9 au 10 inafaa, mradi tangi linaruhusu. Na uwezo wake kwa lita kwa dakika usiwe pungufu ya hewa inayotolewa na kompresa. Watu wengi husahau hili la pili: wakibadilisha pampu ndogo kwa kubwa, valvu inabaki ileile. Ifunge kwenye tangi lenyewe, kabla ya koki yoyote. Mara moja kwa mwezi vuta pete tangi likiwa na presha, macho yamekingwa. Ikigoma kufunguka, imeshikwa na mafuta na kutu, ibadilishe siku hiyo.

Na tafadhali, fungua koki ya chini umwage maji kila jioni. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, maji yanakusanyika tumboni mwa tangi na kulila kutoka ndani. Valvu nzima kabisa haiwezi kulinda tangi ambalo bati lake limebaki nusu ya unene. Litapasuka kwa presha ambayo valvu inaiona ni ya kawaida. Tangi hilo pia lisichomelewe kiraka.

Hita ya maji ya lita 80 bafuni kwangu inadondosha matone kwenye valvu ndogo iliyo chini, kila ikiwashwa. Fundi bomba anasema aizibe. (Nyali, Mombasa)

Dada yetu, mwambie asiizibe. Inafanya kazi yake. Maji ya lita 80 yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 70 yanaongezeka takriban lita 1 na nusu. Hayawezi kurudi kwenye bomba la mtaa kwa sababu valvu hiyo ina kizuizi cha kurudi nyuma, kwa hiyo yanatoka pale kama matone. Weka mpira mwembamba uyapeleke kwenye sinki au bomba la maji machafu, mdomo wake ukiwa wazi.

Yakidondoka usiku na mchana, hata hita ikiwa baridi, hapo ama presha ya bomba ni kubwa na unahitaji kipunguza presha, ama kuna mchanga au chokaa kwenye kiti. Maji ya visima vya pwani yana chumvi nyingi na huziba valvu hizi haraka, hivyo inua wenzo wake kila mwezi, maji yapite sekunde chache.

Kwa nini tunasisitiza? Kidhibiti joto kikikwama na valvu ikiwa imezibwa, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu presha inapanda nayo. Kwa bar 7 yanafika nyuzi 170. Tangi likipasuka wakati huo, karibu asilimia 13 ya maji yanageuka mvuke papo hapo: kilo 9 hivi, zinazotaka mita za ujazo 15, yaani zaidi ya bafu la kawaida zima. Ukuta hauzuii hilo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Arusha. Nani aligundua valvu ya usalama, na je, kuna hatari ikikwama wazi badala ya kufungwa?

Denis Papin, Mfaransa aliyefanya kazi London, mwaka 1679 aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society chungu cha kulainisha mifupa kwa mvuke. Chungu hicho kililindwa kwa valvu ya wenzo na uzito: ukiusogeza uzito kwenye wenzo, unabadilisha presha ya kufungukia. Springi zilikuja baadaye, kwa kuwa uzito hauwezi kutulia kwenye garimoshi linalotikisika.

Kuzifunga kwa makusudi ni tabia ya zamani pia. Tarehe 17 Juni 1831, huko South Carolina, mchochea moto wa garimoshi la Best Friend of Charleston alichoshwa na sauti ya mvuke akaibana valvu. Boila lilipasuka na akafa. Miaka mingi baadaye, tarehe 20 Machi 1905, boila la kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Massachusetts, lililipuka na watu 58 wakafa. Huko chanzo hakikuwa valvu kubanwa bali boila lenyewe, lakini ni ajali hiyo iliyolisukuma jimbo kuweka kanuni za maboila mwaka 1907, na baadaye zikaja zile za ASME tulizozitaja juu.

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Ndiyo, kuna hatari. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu ya kupunguza presha ilifunguka ilivyopaswa, kisha ikakwama wazi. Taa ya chumba cha udhibiti ilionyesha kuwa imeamriwa kufunga. Haikuonyesha kama kweli imefunga. Waendeshaji wakaiamini taa, maji ya kupoza yakavuja kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Hatimaye walifunga koki iliyokuwa mbele yake. Utauliza: si mmesema koki ni mwiko? Valvu ile ilikuwa ya ziada, ya kupunguza presha mapema. Valvu za usalama zenyewe zilikuwa kando, na hizo hazikuwa na koki.

Kwenye boila la kawaida, valvu iliyokwama wazi itashusha presha na maji pamoja. Zima moto kwanza. Tazama kioo cha maji. Maji yakiwa hayaonekani kabisa, usiingize maji baridi kwenye mirija iliyokauka. Liache boila lipoe lenyewe.

Nimepata valvu ya mtumba ya shaba, safi, bei nusu. Ninunue? (Kampala)

Tazama kibati: presha ya kufungukia, uwezo, na kama ni ya mvuke, hewa au maji. Ya maji hufunguka taratibu kadiri presha inavyopanda na haifai kwenye boila la mvuke. Tazama lakiri. Tazama springi kama ina kutu, na wenzo kama unarudi wenyewe. Usidhani utairekebisha tu kwa kuzungusha nati: kila springi imetengenezewa masafa mafupi ya presha, na springi ya bar 16 ikilegezwa mpaka bar 7 haitaruka, italegalega na kutetemeka mpaka ikivunje kiti. Kama kibati kipo na presha yake ni unayoihitaji, ilipie gharama ya benchi na cheti kabla hujaifunga, halafu jumlisha uone kama bado ni nusu bei. Kama kibati kimeng'oka, iache.